Sura ya 4: Shokishoki Zilizonyolewa

Swali la sura hii si langu. Ni la mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka 11 aliyezaliwa Birmingham, na alilitoa mezani jioni moja ya Desemba, nyumbani kwao Edgbaston. Mbele yetu palikuwa na mabakuli mawili. Moja lilijaa lichi mbichi, bado ziko kwenye vijiti vyake, wekundu wa maganda umepauka kidogo. La pili lilikuwa na zeituni za kijani zilizotoka kwenye chupa ya maji ya chumvi. Mama mkwe wa dada, bibi yake mtoto, ambaye alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke Unguja, alizitazama lichi akacheka: "Hizi shokishoki nani kazinyoa?" Kisha akachukua zeituni moja, akidhani nayo ni tunda la kushushia chakula. Akaitafuna, akanyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba. Alipokwisha kunywa maji alisema tu, "Achari hii, mwanangu, ingekaa karibu na wali."

Mtoto alikuwa ameshamenya lichi nne. Mbegu zake alizipanga kwenye kisahani, na kando yake akapanga kokwa nne za zeituni, safu kwa safu. Akauliza: "Mjomba, hizi ni ndugu?"

Nilimjibu kwamba si ndugu. Jibu lilikuwa sahihi na halikumsaidia chochote, kwa sababu ushahidi wake ulikuwa pale pale kwenye kisahani: matunda mawili madogo ya mviringo, kila moja na kitu kigumu kimoja katikati. Kama si ndugu, mbona yamefanana? Na kama yamefanana, mbona moja huliwa likitoka mtini na jingine halilambiki mpaka likae miezi ndani ya chumvi?

Tuanze na kisahani chenyewe.

Unachokitupa, unachokila

Fikiria embe. Lina ngozi, lina nyama, lina kokwa, na ndani ya kokwa, ukiipasua, ndimo iliko mbegu. Ngozi, nyama na kokwa vyote vitatu vimetokana na kitu kimoja: ukuta wa kile kifuko kidogo kilicho ndani ya ua, ambacho baada ya kuchavushwa huvimba na kuwa tunda. Upande wa nje wa ukuta huo hubaki laini, upande wa ndani hugeuka ubao. Zeituni imejengwa hivyo hivyo. Ni embe dogo lisilo na utamu. Ukigonga kokwa ya zeituni kwa nyundo utaona mbegu yake imelala ndani, nyembamba.

Lichi haikujengwa hivyo hata kidogo. Ukuta wake wote wa tunda umeishia kwenye lile ganda jekundu linaloparuza vidole. Ukishalimenya, tunda lenyewe umeshalitupa. Kinachobaki ni mbegu, ile ya kahawia inayong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na juu ya mbegu kuna koti jeupe lenye maji. Koti hilo ndilo tunalokula. Wataalamu wa mimea huliita arili, yaani nyama inayoota juu ya mbegu, nje ya mbegu lakini ndani ya ganda.

Mtu wa Unguja hahitaji kufundishwa arili kwa picha. Kila aliyewahi kuipasua kungumanga mbichi ameiona: wavu mwekundu unaoikumbatia mbegu, ambao ukikaushwa huuzwa kwa jina la basibasi. Basibasi ni arili ya kungumanga. Nyama ya lichi ni basibasi iliyonenepa, ikajaa maji na sukari. Shokishoki ni vivyo hivyo, na bibi hakukosea alipozifananisha: shokishoki na lichi ni ndugu wa karibu kweli, tofauti kubwa ya macho ni zile nywele.

Kwa hiyo safu mbili za kwenye kisahani hazikuwa za kitu kimoja. Safu ya lichi ilikuwa ya mbegu. Safu ya zeituni ilikuwa ya masanduku ya mbegu. Na kile tunachokila kwenye zeituni, yaani ukuta wa tunda, ndicho hasa tunachokitupa tukila lichi.

Wauzaji wa China wana jambo jingine wanalolitazama hapo. Baadhi ya lichi huzaliwa na mbegu iliyosinyaa, ndogo na bapa, wanayoiita ulimi wa kuku. Mbegu ikisinyaa nyama huwa nyingi zaidi, kwa hiyo lichi za ulimi wa kuku huuzwa ghali. Ukipata shada lenye mbegu hizo, usidhani limeharibika.

Moja lina haraka, jingine lina subira

Ndizi ukiikata mbichi huiva ndani ya gunia, kwa kuwa ina wanga unaoweza kugeuka sukari hata baada ya mkungu kukatwa. Lichi haina akiba hiyo. Ikichumwa kabla haijaiva, haitaiva tena. Na ikichumwa imeiva, inaanza kuharibika siku hiyo hiyo. Ganda hukauka na kupata nyufa ndogo. Vimeng'enya, ambavyo ni kemikali za kiumbe hai zinazoharakisha mabadiliko, huanza kazi, na ndani ya siku mbili tatu za joto wekundu wote umekuwa kahawia.

Haraka hii imeacha alama katika historia. Katika karne ya 8 mfalme Xuanzong wa China, wa ukoo wa Tang, alikuwa na mpenzi aliyeitwa Yang Guifei. Mwanamke huyo alipenda lichi, na lichi hustawi kusini, mbali sana na mji mkuu wa Chang'an, ambao leo ni Xi'an. Masimulizi ya Wachina yanasema wapanda farasi walipokezana njiani usiku na mchana ili tunda lifike likiwa na rangi yake. Hadithi hiyo imetumika kwa karne nyingi kama mfano wa anasa ya ikulu, na sidhani kama kuna tunda jingine lililosababisha farasi wengi hivyo kutoka jasho.

Leo farasi ni meli. Lichi zinazoliwa Ulaya wakati wa Krismasi nyingi zinatoka Madagaska, zinachumwa kuanzia Novemba na kupakiwa katika bandari ya Toamasina. Safari ya meli ni wiki kadhaa, muda ambao ganda la lichi halina uwezo wa kuuvumilia, kwa hiyo kabla ya kupakiwa hufukizwa kwa gesi ya salfa. Gesi huvizima vile vimeng'enya, na pia hulipausha ganda likawa kati ya manjano na waridi. Ndiyo maana lichi za mezani kwa dada yangu zilikuwa na wekundu wa kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Zinazokuja kwa ndege, chache na ghali, huwa nyekundu zaidi.

Zeituni nayo ina kinyume cha haraka. Ichume mtini, ya kijani au nyeusi, itie mdomoni: utaitema. Uchungu huo unatokana na kemikali iitwayo oleuropeini, ambayo mti huitumia kujilinda. Haitoki kwa kupikwa wala kwa kuachwa juani siku mbili. Kuna njia za zamani za kuitoa: kuziloweka zeituni katika maji yanayobadilishwa kila siku, kuzifunika kwa chumvi kavu, au kuzitia ndani ya maji ya chumvi kwa miezi, ambamo vijidudu wa jamii ile ile inayogandisha maziwa huzichachusha polepole. Viwandani hutumia soda kali, inayofanya kazi hiyo kwa saa chache, kisha zeituni huoshwa na kutiwa kwenye chumvi.

Kwa hiyo bibi alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote aliposema achari. Zeituni ya mezani ni achari. Hakuna mtu anayekula zeituni kama tunda.

Hapa niweke mambo machache ambayo wasomaji huniuliza:

- Zeituni ya kijani na nyeusi si aina mbili za mti. Ni tunda lile lile, moja limechumwa mapema, jingine limeachwa likaiva.
- Zeituni nyeusi tii za kwenye kopo, zote rangi moja kama zilizopakwa, mara nyingi zilichumwa kijani, zikapitishiwa hewa mpaka zikawa nyeusi, na weusi ukashikwa kwa chumvi ya chuma. Soma kopo: ukiona E579, ndiyo hiyo.
- Gramu 100 za zeituni za kijani za chupa zinaweza kuwa na karibu gramu 4 za chumvi. Uingereza mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 6 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu azioshe kwanza, au ale tatu nne aache.
- Lichi sita hivi zinatosheleza vitamini C ambayo mtu mzima anashauriwa kuipata kwa siku, lakini pia ni tamu kweli: gramu 15 za sukari katika kila gramu 100 za nyama.
- Nunua lichi nzito kwa ukubwa wake, ganda lisilo na majimaji. Kahawia kidogo nje si tatizo. Harufu ya pombe ni tatizo.

Sukari kwa moja, mafuta kwa jingine. Kila mti unamlipa mchukuzi wa mbegu zake kwa sarafu yake. Lichi hulipa kwa sukari, na popo huipokea kwa furaha. Huko Mauritius, ambako lichi ni tunda la kila ua, ugomvi kati ya wakulima na popo wakubwa wa matunda ulifika mahali ambapo mwaka 2015 serikali iliamuru popo wauawe kwa maelfu, na watetezi wa wanyama wakapiga kelele dunia nzima. Zeituni hulipa kwa mafuta, na wanaolipwa ni ndege wanaomeza tunda zima na kuiangusha kokwa mbali.

Mafuta hayo yana jambo lake. Mafuta mengi ya jikoni kwetu hutoka kwenye mbegu: alizeti, ufuta, karanga, pamba. Ya zeituni hutoka kwenye nyama ya tunda, kama mawese ya Kigoma yanavyotoka kwenye nyama ya chikichi. Kilo tano hivi za zeituni hutoa lita moja. Ukiliwaza hilo, bei ya chupa inaanza kueleweka.

Kwa kifupi: kwenye zeituni tunakula ukuta wa tunda, kwenye lichi tunakula koti la mbegu. Lichi ni tamu mtini na huharibika kwa siku. Zeituni ni chungu mtini na hutengenezwa kwa miezi.

Mji wa Zeituni usio na zeituni

Kosa la kufananisha matunda kwa macho halikuanza mezani kwa dada yangu. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alifika Mombasa akielekea Kilwa. Huko Mombasa aliona ndizi na ndimu, na tunda aliloliita jamun, akalieleza kwa watu wa kwao kwa njia rahisi kuliko zote: linafanana na zeituni, kokwa yake kama ya zeituni, ila ni tamu mno. Jina hilo la jamun ni la Kihindi, na hata leo ndilo jina la tunda ambalo kwetu ni zambarau. Kila mtoto wa Pwani aliyewahi kurudi nyumbani na ulimi wa rangi ya wino analijua. Zambarau si ndugu ya zeituni. Ni ndugu ya karafuu na mpera. Lakini mtu wa Morocco aliyekuwa ufukweni mwa Mombasa angelifananisha na nini kingine?

Miaka kumi na kitu baadaye, msafiri huyo huyo alishuka katika bandari moja kubwa ya China ambayo mabaharia Waarabu waliiita Zaytun, yaani Zeituni. Kwa umakini wake wa kawaida aliwatahadharisha wasomaji kwamba huko Zeituni hakuna zeituni, wala China yote na India yote hamna. Leo mji huo unaitwa Quanzhou, katika jimbo la Fujian. Inaelekea mabaharia walilisikia jina la miti fulani yenye maua mekundu iliyopandwa kuuzunguka mji, wakalitamka kama neno walilolizoea nyumbani.

Na sasa sikiliza utani wa historia. Fujian ni nchi ya lichi. Mwaka 1059 mtawala wa Quanzhou, Cai Xiang, ambaye mwenyewe alizaliwa jimbo hilo, aliandika kitabu kizima juu ya lichi tu: aina zake, zinavyokua, zinavyohifadhiwa, zinavyouzwa. Wengi wanakihesabu kuwa kitabu cha kwanza duniani kuhusu tunda moja. Basi mji ambao dunia ya Kiislamu iliuita Zeituni ndio ulioongozwa na bingwa wa lichi. Niliposimulia hili mezani, mtoto alisema ni kama mji uitwe Nazi na watu wake wote walime vitunguu. Bibi akasema, "Kwani Mwembetanga pana miembe mingapi siku hizi?"

Nyumba za kioo za Edgbaston

Siku ya pili tuliwapeleka bibi na mtoto kwenye Bustani ya Mimea ya Birmingham, ambayo iko Westbourne Road, hapo hapo Edgbaston. Ilifunguliwa mwaka 1832 kwenye ardhi iliyokodishwa kutoka kwa Lord Calthorpe, na aliyeichora ni John Claudius Loudon, Mskoti mwenye mawazo makubwa. Alitaka nyumba moja ya kioo ya duara, kubwa ajabu. Chama kilichomiliki bustani kilipiga hesabu kikaona fedha hazitoshi, na Loudon hakufurahi. Nyumba zilizopo leo zimejengwa kwa nyakati mbalimbali za karne ya 19, na zinapitika kwa mfuatano: unaanza na joto la unyevu la tropiki, unaingia hewa ya nusu tropiki, kisha ya Mediterania, mwisho ya ukame. Kwa mtu aliyetoka Unguja Desemba, chumba cha kwanza ni rehema. Bibi alivua koti, akafungua mtandio kidogo, akasema hapa ndipo angelala.

Mtoto aliuliza lichi ingekaa chumba kipi. Akajijibu: cha kwanza, cha joto.

Wengi hujibu hivyo, na wengi hukosea. Mlichi ukiupanda mahali penye joto na mvua mwaka mzima utaota, utapendeza, utakupa majani na kivuli, na hautakupa tunda la maana. Unahitaji kipindi cha ukavu na ubaridi, wiki kadhaa chini ya nyuzi 20, ndipo uamini kwamba msimu umegeuka na utoe maua. Ubaridi usizidi lakini, maana baridi ya kugandisha maji huua miche michanga. Chumba chake ni cha pili.

Mzeituni nao una tabia hiyo hiyo. Bila majira ya baridi hautoi maua vizuri. Tofauti ni kwamba wenyewe huvumilia hata theluji kidogo, ndiyo maana leo utauona kwenye vyungu mbele ya mikahawa na nyumba za Uingereza, umekatwa kichwa duara kama mtoto wa shule. Tunda lake ndilo hushindwa. Kiangazi cha Birmingham ni kifupi na cha mawingu, na zeituni huhitaji jua refu ili kujaza mafuta.

Hapo hatimaye nikapata jambo moja ambalo lichi na zeituni zinalishiriki kwa kweli, na si umbo: zote mbili zinadai baridi kidogo kabla ya kuzaa. Na hilo linaeleza kwa nini Unguja ina shokishoki tele. Mshokishoki haudai baridi yoyote. Unataka joto, mvua na hewa nzito, yaani unataka Unguja.

Mzeituni, kwa upande wake, uko Afrika Mashariki tangu zamani, ila si pwani. Uko milimani. Mzeituni mwitu wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania ni spishi ile ile ya mzeituni wa Ugiriki na Palestina, jamii ndogo yake tu ni nyingine. Wakikuyu huuita mutamaiyu, Wakalenjin emitit, Wamasai oloirien. Umo ndani ya misitu ya Karura na Ngong, pembeni mwa Nairobi. Tunda lake ni dogo, nyama kiduchu, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kulikamua. Thamani iko kwenye mti. Wamasai huchukua kijinga cha oloirien kinachowaka na kukisugua ndani ya kibuyu cha maziwa. Moto husafisha, moshi huacha harufu, na maziwa hukaa muda mrefu zaidi. Watu wa Mediterania walikamua tunda la mti huo wakapata mafuta ya taa na ya chakula. Wafugaji wetu walichukua moshi wake.

Ndugu mwingine wa mzeituni ni ule mti mrefu wa mbao ngumu ambao jina lake la biashara ni Loliondo. Msomaji wa Tanzania akisikia Loliondo atakumbuka kikombe cha dawa cha Babu cha mwaka 2011 na foleni za magari kuelekea Samunge. Kikombe kile kilitoka mti mwingine kabisa, mugariga. Loliondo ya mafundi seremala ni ya ukoo wa zeituni, na wapo katika ukoo huo ndugu wenye mbao nzito kiasi kwamba ukizitupa majini zinazama.

Ndugu waliosimama barabarani

Tulirudi kwa miguu. Miti ya Edgbaston Desemba haina majani, na mtu angedhani hapo hakuna cha kusoma. Lakini ni mtaa wa William Withering. Huyu alikuwa daktari wa Birmingham aliyehamia Edgbaston Hall mwaka 1786. Dunia inamkumbuka kwa kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu dawa ya moyo itokanayo na mmea wa digitalisi, na mmea huo umechongwa kwenye kumbukumbu yake katika kanisa kongwe la Edgbaston. Mimi namkumbuka kwa kitabu kingine, cha mwaka 1776, alichowaandikia Waingereza wa kawaida ili waweze kuitambua mimea ya nchi yao kwa mpango wa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi.

Mpango ule ulikuwa rahisi: fungua ua, hesabu stameni. Stameni ni vile vijiti vya kiume vinavyobeba chavua, yaani unga wa ua. Linnaeus aliandika juu ya maua kana kwamba anaandika juu ya maharusi na vitanda vyao, na Withering, akiwahurumia wasomaji wake wanawake, alibadilisha maneno ili kitabu kisimwaibishe mtu sebuleni. Hesabu yenyewe aliiacha.

Hesabu hiyo haitoshi kupanga koo zote, na siku hizi wataalamu hutumia vinasaba, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya kila chembe hai. Kwa zeituni, hata hivyo, ni mwongozo mzuri ajabu. Ua la mzeituni lina stameni mbili. Mbili tu. Na stameni mbili ndiyo alama ya takriban ukoo wake wote: eshi, mti mrefu wa Uingereza wenye machipukizi meusi ya baridi na vishada vya mbegu vinavyoning'inia mpaka mwakani; priveti, kichaka cha fensi mbele ya nusu ya nyumba za mtaa ule; lilaki ya bustanini. Kwa hiyo zeituni inao ndugu Edgbaston, wengi, wamesimama nje mchana na usiku. Eshi wanaugua. Kuvu iliyogunduliwa Uingereza mwaka 2012 inawakausha kuanzia matawi ya juu.

Na lichi? Lichi nayo ina ndugu pale. Kuna mti mkubwa ambao mbegu zake watoto wa Uingereza huziita konka: za kahawia, zinang'aa, wanazitoboa, wanazitunga kwenye uzi na kupiganisha. Mtoto alikuwa na moja mfukoni tangu Oktoba. Aliitoa akaiweka karibu na mbegu ya lichi, na hakuna aliyehitaji kumweleza. Mti wa konka, sikamori wa Uingereza (si mkuyu ule wa Zakayo), shokishoki, lichi, na aritha, lile tunda kavu la Kihindi la kuoshea nywele, wote leo wanahesabiwa ukoo mmoja. Aritha hutoa povu, na konka pia, kwa sababu ya saponini, kemikali zinazofanya kazi kama sabuni.

Ndugu mwingine anauzwa kwenye makopo katika maduka ya Wajamaika wa Handsworth, Birmingham: aki, tunda lenye asili ya Afrika Magharibi ambalo ni tunda la taifa la Jamaika. Nalo linaliwa arili, na likiliwa kabla halijapasuka lenyewe mtini linaweza kuua. Sumu yake, haipoglisini, hulizuia ini kutengeneza sukari mpya. Sumu hiyo imo kwenye mbegu za sikamori, na farasi wa Uingereza wanaozila malishoni huanguka misuli ikiwa imekufa. Imo pia kwenye lichi, kidogo, pamoja na kemikali pacha yake. Huko Muzaffarpur, India, katika mkoa wa mashamba ya lichi, watoto walikuwa wakiugua ghafla kila mwaka msimu ulipofika. Mwaka 2014 watafiti waliwafuatilia watoto 390 waliolazwa katika hospitali mbili, 122 walikufa. Utafiti wao, uliotangazwa 2017, ulionyesha uhusiano na lichi pamoja na kulala njaa: mtoto dhaifu aliyeshinda shambani akila lichi na akakosa chakula cha jioni, sukari ya damu ilishuka usiku na mwili haukuweza kuipandisha. Ushauri uliotolewa ulikuwa mwepesi kuliko dawa yoyote: mtoto asilale bila kula. Aliyeshiba hana sababu ya kuiogopa lichi iliyoiva. Tumbo tupu la mtoto mdogo ndilo la kuangaliwa.

Dada alipolisikia hili, alimwongezea mwanawe wali usiku ule bila kusema neno.

Nimebakiza ndugu mmoja wa zeituni, niliyemweka makusudi kwa ajili ya bibi. Karibu na nyumbani, kwenye ukuta wa jirani, kulikuwa na mmea uliotambaa, matawi ya kijani bila jani hata moja, na juu yake maua madogo ya manjano katikati ya baridi ile. Nilimwambia bibi kwamba hiyo ni yasmini. Akanitazama kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi. Yasmini yeye aliijua tangu uchumba wake, nyeupe, ya kutungwa na kuwekwa kwenye nywele na juu ya mto. Nikamwambia yasmini zote ni ukoo wa zeituni, hii ya manjano ya kutoka China na ile ya Unguja pia.

Mtoto alichuma ua moja, akalipasua kwa kucha ile shingo yake nyembamba, akaliinua kwenye mwanga.

"Mbili," akasema.

Bibi alilichukua, akalisogeza puani, akavuta pumzi mara mbili. "Mbili ninaziona. Harufu yake iko wapi?"